Pumzi ya Gundi

Katika Chombo kile kilichokuwa kikisafiri angani hakuna aliyejua alizaliwa lini. Madirisha yote yalikuwa yamezibwa zamani kwa amri, na jua lilijulikana kwa joto lake tu: lilipita nyuma ya kuta, likazipasha, likaenda zake, likarudi kabla mtu hajamaliza kula. Watu waliacha kulihesabia siku. Walipotaka kusema zamani walisema "kabla ya utando," na walipotaka kusema sasa walinyamaza, kwa sababu sasa ilikuwa imewazunguka pande zote, na nani huzitaja kuta anazoishi ndani yake? Watoto walipewa majina ya marehemu kabla kitanda hakijapoa, hata ikawa jina halipati kupumzika; lilihama mwili hadi mwili kama kanga ya kurithi. Sikudhani alirithi jina la mama yake na kazi ya mama yake kwa pamoja, na wapo waliomsalimu kana kwamba ni yuleyule aliyewapitia tangu utotoni mwao. "Shikamoo, mama. Bado tu unatazama vioo?" Alijibu marahaba, bado natazama, na moyoni hakuwa na hakika ni nani kati yao wawili aliyejibu.

Kazi yenyewe ilikuwa kulilinda Jicho. Jicho lilikuwa kioo kikubwa cha mviringo mwishoni mwa chumba chembamba kilichoitwa Koo, na kwa Jicho hilo Chombo kilitafuta nyota ya nyumbani, ile ambayo watu waliambiwa ndiko walikotoka na ndiko wanakorudi. Kisha utando ukaingia. Mwanzo ulikuwa mwepesi kama pumzi ya mtoto aliyelala karibu na kioo. Baadaye ukawa rangi ya chai kavu. Alipokuja kuupokea Sikudhani, ulikuwa kahawia nzito, kama sukari iliyosahauliwa motoni, na nyota zote zilikuwa zimezama humo. Mama yake aliusugua kwa kitambaa mpaka vidole vikachubuka, akafa akiwa anausugua. Haukutoka. Jua lilikwisha kuuoka, ukashikamana na kioo kama ukoko na sufuria.

Utando unatoka wapi? Swali hili lilikuwa na jibu lake tayari, na jibu lilikuwa limeandikwa juu ya kila mlango: Unatoka nje. Mwinyi, aliyekishika Chombo kabla ya kumbukumbu ya yeyote, ndiye aliyelitoa. Nje kuna vumbi, alisema, nje kuna uadui, nje kuna kitu kisichotutakia mema. Kwa hiyo zibeni nyufa. Pakeni gundi. Na watu walipaka, wakubwa kwa wadogo, kila mmoja na kopo lake na bapa lake la kupakia, wakiziba hata pasipo ufa, maana mkono uliozoea kuziba huona ufa kila mahali.

Lakini Sikudhani alitega vioo. Alichukua vioo vidogo visafi, akaviita mashahidi, kwa kuwa kioo hakina ubishi. Chochote kinachokijia hukipokea na kukionyesha. Kimoja alikipitisha kwa koleo kwenye kitundu cha ngozi ya Chombo, kikakaa nje kikitazamana na giza. Vingine aliviweka ndani, kila pembe. Akasubiri muda mrefu, kwa namna watu wa humo walivyojua kusubiri, yaani bila kujua kwamba wanasubiri.

Alipokirudisha kile cha nje, kilikuwa kimetobolewa-tobolewa na vumbi la angani kama uso wa aliyepona ndui. Ila kilikuwa kinang'aa. Aliona ndani yake uso wake wote, na alishtuka, kwa sababu hakuwahi kuuona namna ile, bila ukungu. Alidhani ni mama yake anamtazama. Vile vya ndani vilikuwa vimefifia vyote, na kilichofifia zaidi ni kile alichokiweka karibu na ukuta uliotoka kupakwa gundi.

Alikaa chini palepale sakafuni. Nje ni safi, aliwaza. Nje ni ombwe, hapana hewa, hapana kitu, na ombwe halina cha kumpa mtu, hata uchafu. Sisi ndio tunaopumua. Kila kitu kina pumzi yake: rangi, mpira, nguo, nywele, gundi. Na pumzi ya vitu haifi. Hutangatanga ikitafuta pa kutulia, na hutulia juu ya kilicho baridi kuliko vyote. Basi katika Chombo chote, baridi kuliko vyote ni Jicho, kwa kuwa ndilo pekee linalotazama nje. Anayetazama nje ndiye anayepokea uchafu wa waliogeukia ndani. Aliirudia sentensi hiyo mara kadhaa mpaka ikapoteza maana, kisha akainuka kwenda nyumbani, kwa sababu mpika gundi wa Chombo kile alikuwa mume wake.

Mbaruku alikuwa amesimama mbele ya pipa lake, anakoroga. Alikuwa mtu mpana, mpole, na viganja vyake havikupata kuacha kunuka gundi hata alipokwenda kuposa.

"Mume wangu," Sikudhani alisema, "hii gundi ikishapakwa, inaendelea kutoa harufu?"

"Inaendelea. Kwa nini?"

"Mpaka lini?"

Mbaruku akaacha kukoroga. "Aliyenifundisha alikuwa haiepui mpaka inaacha kunuka kabisa. Alikuwa akisema, iache ipumue humuhumu pipani, imalize pumzi zake zote, ndipo uitoe. Lakini hiyo ni kazi ya kungoja. Mwinyi anasema nyufa hazingoji. Siku hizi inatoka mbichi. Juu inafanya ngozi, ndani bado iko hai."

"Inapumulia Jicho, Mbaruku."

Alimwonyesha vioo viwili, kile cha nje na kile cha ukutani. Mbaruku aliviangalia, akavirudisha taratibu mkononi mwake kama mtu anayerudisha yai.

"Ukilisema hilo barazani," alisema, "wataniua."

"Najua."

"Na usiposema?"

Sikudhani aliweka kiganja ukutani. Jua lilikuwa linapita nyuma yake wakati huo. Ukuta ulipata uvuguvugu, basi. Zamani, watu walisema, ulikuwa unachoma. "Weka mkono wako hapa," alisema. "Kila likipita linapita mbali zaidi. Tunakwenda mahali, bwana, na hakuna anayeona tunakokwenda. Tukizidi kwenda, tutaganda kila mtu kitandani kwake."

Mbaruku aliweka mkono. Akauacha hapo muda mrefu, hata joto lilipokwisha kuondoka.

Habari humo ndani hazikuwa na pa kutokea, kwa hiyo zilifika haraka. Mwinyi alimwita Sikudhani. Alimkuta mzee mdogo wa umbo, amejifunika mablanketi, sauti yake ya chini kiasi cha kumlazimu mtu kusogea. Chumba chake kilikuwa kimepakwa gundi matabaka kwa matabaka mpaka pembe zake zimepotea. Mtu alikuwa humo kama kokwa ndani ya tunda.

"Keti, binti yangu. Unalotaka kusema nalijua. Mama yako alikwisha kuniambia."

"Mama yangu alikufa akisugua kioo, Mwinyi."

"Alisugua kwa sababu nilimwomba asiseme. Au ni wewe niliyekuomba? Nimewachanganya." Alifumba macho kidogo. "Sikiliza. Hiki wanachokipaka ndicho kinachowaunganisha. Ukiwaambia kinachowaunganisha ndicho kinachowapofusha, watakibandua kwa kucha. Nyufa zitafunguka. Ombwe litatuingilia."

"Ombwe haliingii popote, Mwinyi. Sisi ndio tutakaotoka."

Mzee akacheka kidogo, kwa dhati. "Basi unajua kuliko nilivyodhani. Chagua. Sema uchafu unatoka nje, uendelee kuishi na mumeo. Au sema umetoka pipani kwake, ukae nao barazani utazame watakachomfanya. Njia ya tatu nimeitafuta mimi mwenyewe, tangu ningali kijana. Haipo."

Sikudhani alitoka akihisi kwamba chumba kile hakikubaki nyuma yake. Kilimfuata. Kila ujia alioupita ulikuwa chumba kilekile kilichorefushwa, na kila aliyempungia mkono alikuwa mtu yuleyule aliyebadilisha sura. Je, huu ndio utawala? alijiuliza. Mtu mmoja kuwajengea wengine maswali yenye majibu mawili, kisha kuwaachia uhuru wa kuchagua? Na je, mimi niliyezaliwa ndani ya swali, nitajuaje kama nje yake kuna kitu? Mama, wewe ulijibu nini? Ulijibu kwa kusugua. Mimi sitaki kusugua.

Barazani walijaa mpaka kuta zikatoa jasho. Mwinyi alibebwa kwenye kiti chake. Sikudhani alisimama katikati na vioo vyake, akavinyanyua kimoja kila mkono, akasema:

"Hiki kilikaa nje. Hiki kilikaa ndani, pamoja nasi. Tazameni wenyewe."

Vikapitishwa mkono kwa mkono. Vikamfikia Bi Mwanjaa, mwanamke mrefu aliyekuwa kiongozi wa wapakaji.

"Kwa hiyo unatuambia kikulacho ki nguoni mwako! Ni gundi?"

"Ni gundi, bibi."

"Na mpika gundi si huyu hapa?"

Hakuna aliyetoa amri. Watu waliinuka tu, kama maji yanavyoinuka, na Mbaruku akawa katikati yao, shati limeshikwa huku na huku. Mtu alimpiga mgongoni kwa kopo. Mbaruku hakujitetea. Alimtafuta mkewe kwa macho, akampata, akaitikia kwa kichwa taratibu, kana kwamba anamwambia: endelea.

"Mwacheni!" Sikudhani alipiga ukelele. "Yeye amepika. Nani amepaka? Bi Mwanjaa, nyoosha mikono yako, tuione. Na wewe. Na wewe pale. Nyoosheni!"

Mikono ilinyooshwa, kwa sababu watu wale walizoea kutii. Hapakuwa na kucha hata moja isiyokuwa na gundi chini yake. Bi Mwanjaa alitazama zake kwa muda, halafu akazishusha, akaachia shati la Mbaruku.

"Basi tufanyeje?" aliuliza, na sauti yake ilikuwa nyingine kabisa. "Tuibandue?"

"Msiibandue," alisema Mbaruku, damu ikimchuruzika sikioni. "Chombo kitapasuka. Nipeni muda niipike inavyopaswa kupikwa. Inayokuja haitakuwa na pumzi."

"Na ile iliyokwisha kukaa juu ya Jicho," Sikudhani aliongeza, "inatoka kwa joto. Haisuguliki, lakini ikipashwa polepole, kwa nyaya zilizolizunguka Jicho, itanyanyuka. Ila uchafu hauishi, ndugu zangu, huhama tu. Ukinyanyuka utatafuta kilicho baridi ukatulie hapo. Inatakiwa bamba la chuma lililogandishwa, na mtu wa kulishika mbele ya kioo, wakati Koo limezibwa lisiingiwe na pumzi nyingine. Joto lote la Chombo liende huko. Sisi tutakaa kwenye baridi. Na atakayekuwa ndani hatatoka mpaka afunguliwe kutoka huku."

Wote walimtazama Mwinyi. Mzee alifikiri. Kisha akasema kwa upole wake, "Na afanye. Bomba la sauti lipo. Atakachokiona ataniambia mimi kwanza." Sikudhani akaelewa kwamba njia ya tatu imepatikana, na kwamba nayo imekwisha kuwekewa mlango.

Mbaruku alitaka kuingia yeye. Walibishana mbele ya Koo, kwa sauti za chini, kama wanavyobishana wanandoa mbele ya wageni.

"Mabega yako hayapiti," Sikudhani alisema.

"Nitayapitisha."

"Nani atapika gundi ya kuuzibia mlango? Ikiwa mbichi nitakuwa nimekwenda bure."

Kwa hiyo aliipika. Aliikoroga na kuiacha, akaikoroga na kuiacha, mpaka watu waliokuwa wakinusa pipani wakasema haina harufu yoyote, inanuka kama maji. Sikudhani akajipenyeza ndani ya Koo na lile bamba, amefungwa blanketi mikononi asichunwe na baridi, na mlango ukasukumwa nyuma yake. Alisikia bapa la mumewe likipita ukingoni, polepole, bila kuruka mahali, kama anampaka mgonjwa mafuta. Ndivyo ilivyokuwa: aliyempenda kuliko wote alimziba kwa mikono yake, na aliifanya kazi hiyo vizuri, kwa kuwa upendo wake wote ulikuwa umebaki hapo, katika kuifanya vizuri.

Kisha bapa likaondolewa.

Koo halikuwa na nafasi ya kupiga magoti. Alisimama kifua kikiwa karibu na Jicho, mgongo ukutani, bamba limewekwa kando ya uso wake kama mtu anayejikinga na kofi. Nyaya zikaanza kupata moto. Hewa ilikuwa nyembamba. Alijifundisha kuivuta kidogo kidogo, akaigeuzia pumzi yake begani, mbali na kioo. Mbele joto, nyuma baridi. Hakujua ni muda gani. Jua lilipita. Lilipita tena. Au lilikuwa halijaondoka.

Nani amesimama hapa?

Mimi Sikudhani. Sikudhani binti Sikudhani. Yule aliyesugua. Yule atakayezaliwa apewe jina hili mimi nikifa humu. Jina limesimama hapa siku zote, na sisi tunapita ndani yake kama jua linavyopita ukutani.

Unaogopa?

Naogopa kwamba hakuna nyota. Kwamba utando ukiondoka nitakuta utando. Kwamba nje ni ndani nyingine kubwa zaidi, na huko nako kuna mzee kwenye mablanketi.

Basi funga macho. Wengi wameishi wamefunga.

Nikifunga, nitajuaje kama yamefungwa?

Alipofika hapo katika kujibizana kwake, aliona bamba limebadilika rangi. Lilikuwa jeusi kidogo, kisha kahawia, kisha likafanya ute, kama asali inayotoka jasho. Uchafu ulikuwa unahama. Pumzi za watu wote, za waliokuwepo na za waliokwisha kuitwa majina mengine, zilikuwa zinavuka mbele ya uso wake, kimya, kutoka kioo kwenda chuma. Alisikia harufu yake, na ndani ya harufu hiyo alimnusa mama yake, alinusa mafuta ya nywele ya harusi yake mwenyewe, alinusa jiko. Hapo alilia. Hakulia kwa uchungu. Alilia kwa sababu kilichowapofusha kilikuwa maisha yao tu, na hapakuwa na adui.

Akaligeuza bamba, akalifunga ndani ya blanketi upande uliochafuka kabla nyaya hazijapoa. Akainua uso.

Giza lilikuwa safi. Hakujua kwamba giza linaweza kuwa safi kiasi kile, jeusi bila kuwa zito, na ndani yake nyota, kali, haziyumbi, hazina habari na mtu. Alizitazama kama mwenye kiu. Kisha akaitafuta ile moja, ya nyumbani, yenye wekundu kidogo na wenzake wawili pembeni, kama alivyofundishwa. Mbele haikuwepo. Kulia haikuwepo. Alibana shavu kwenye ukingo wa kioo, akazungusha jicho mpaka likauma, na pale pembeni kabisa, nyuma yao, akaiona. Ndogo. Inabaki nyuma.

Sauti ya Mwinyi ikaja bombani, ya karibu mno, kana kwamba mzee amesimama naye humo ndani. "Unaona nini, binti yangu?"

"Iko nyuma yetu."

Sauti ikashuka ikawa mnong'ono. "Watu wako hapa mlangoni. Watasikia nitakalowaambia mimi, wewe hawakusikii. Nitawaambia tuko njiani. Nawe ukitoka utasema tuko njiani. Ukikubali, mlango unafunguliwa."

"Na nisipokubali?"

"Gundi ya mumeo ni nzuri sana. Haitafunguka yenyewe."

Sikudhani aliegemeza kichwa ukutani. Hewa ilikuwa imepungua kiasi cha kumfanya achague maneno. Alifikiri kwamba mtu angeweza kuishi vizuri na neno moja la uongo. Kwamba Mbaruku anamngoja. Kwamba nyota haijali. Kisha akachukua ncha ya bamba, akaanza kugonga ukuta wa Chombo kwa nguvu zake zilizobaki. Chuma kwa chuma. Chombo chote kilikuwa chuma, na hakuna aliyewahi kukigonga. Akagonga, akapaza sauti ndani ya mgongano huo, neno lilelile kila mara: "Nyuma! Nyuma! Nyuma!"

Huku nje ya Koo kuta zililia kama kengele. Watu waliliona neno kabla ya kulisikia, walilihisi miguuni. Mwinyi akaondoa mdomo bombani. "Anaweweseka," alisema. "Hewa imemlevya. Mwacheni apumzike."

Mbaruku aliinama akaokota bapa lake. Askari wa Mwinyi akamshika mkono, hakumshika sana. Bi Mwanjaa akasema, "Mwachie mkono huo," na alipoona hauachiwi, akaja na bapa lake mwenyewe akaanzia upande wa pili wa mlango. Akaja mwingine. Walikuwa watu wa kuziba, na sasa walikuwa wanazibua, kwa uangalifu uleule, wakifuata ukingo ili wasiumize ukuta. Askari alitazama mkono alioushika kama mtu anayejiuliza umefikaje hapo. Akauachia.

Mlango ulipofunguka, Sikudhani alianguka kifuani kwa Mbaruku, midomo imekuwa ya buluu. Mbaruku alimsugua mikono, akimwita, akimwita, na kwa mara ya kwanza Sikudhani alijua kwa hakika kwamba anayeitwa ni yeye.

"Twende nikakupashe joto," Mbaruku alisema.

"Bado. Ingia kwanza. Mabega yatapita. Tazama nyuma, upande wa kushoto kabisa."

Yalipita, kwa taabu. Akatoka, akampisha Bi Mwanjaa. Ndivyo walivyoingia, mmoja mmoja, ndani ya Koo ambalo halikuwa na nafasi ya kupiga magoti, na kila aliyetoka alikuwa na sura ya mtu aliyepewa habari ya msiba na ya harusi kwa pamoja. Hakuna aliyepiga kelele. Hakuna aliyemgusa Mwinyi. Walimsahau tu, kwenye kiti chake, na huko kusahauliwa ndiko kulikomfanya ainuke.

Alikwenda kwa miguu yake. Mstari ukampisha. Sikudhani, amefunikwa mablanketi, alimshika kiwiko asijikwae kizingitini, kwa kuwa alikuwa mzee. Mwinyi akasimama mbele ya Jicho. Pumzi yake ikagonga kioo, ikaacha duara la ukungu, na nyota zikapotea nyuma yake. Alishtuka, akarudi nyuma kidogo.

"Ni yangu hiyo?" aliuliza.

"Ni yako, Mwinyi. Geuza uso upumue, halafu uizuie."

Mzee akageuka, akavuta hewa, akaizuia. Duara likanywea, likawa dogo, likaisha. Alitazama akiwa ameibana pumzi yake kifuani, mishipa ya shingo imesimama, mpaka watu wakadhani hataivuta tena. Na alipoiachia hatimaye, aliiachia pembeni, kwenye ukuta, akasema kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia bila kusogea:

"Geuzeni Chombo."